Riziki, ile chupa sijaifungua

Bukavu, Jumanne jioni

Riziki mpenzi,

Jambo sana. Huku tuko, watoto wanasoma, Papa Musa anasema kitenge chako bado anakutunzia. Niingie kwenye neno lenyewe, maana kwa simu halitoshi.

Chupa uliyotuma kwa boti ilifika salama. Asante, najua ulivyohangaika. Lakini sijampa dada Furaha, na nakuomba usikasirike. Imeandikwa dawa ya kuongeza kinga, na kinga yake haijapungua hata kidogo, imemgeukia mwenyewe. Daktari alituonyesha kwenye kidole chake: ndani ya kiungo kuna utando mwembamba, seli nyeupe za damu zimejazana humo kama vile kuna mdudu wa kufukuza, na mdudu hayupo. Zinaitana kwa kemikali, mojawapo inaitwa TNF. Utando unavimba, mwishowe unakula gegedu na mfupa. Ndiyo baridi yabisi hiyo. Hakuna aliyemroga, hata Mama Chantal aseme nini.

Ungemwona asubuhi. Anaamka saa kumi na mbili, vidole havikunjiki mpaka saa tatu. Mkasi wa kushonea anaushika kwa mikono miwili. Pete ya ndoa tuliitoa kwa sabuni. Alilia, na siyo maumivu yaliyomliza.

Amepewa metotreksati, vidonge vya kutuliza hiyo kinga, mara moja tu kwa wiki, Jumapili, na asidi ya foliki, ile vitamini, siku nyingine. Nimeandika JUMAPILI kwa chaki nyuma ya mlango, maana akikosea akaimeza kila siku inaweza kumuua. Inachukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Wakati anangoja anameza prednizoni kidogo, ya kupunguza uvimbe. Juzi alitaka kuiacha ghafla, nikamkatalia kabisa.

Iko na sindano. Watafiti wawili, Feldmann na Maini, kule London, mwaka 1992 waliwapa wagonjwa dawa ya kuizuia hiyo TNF, viungo vikatulia. Niliposikia nilifurahi mno, nikakimbilia kuuliza bei. Daktari akaniuliza yeye: nyumbani nani aliugua kifua kikuu? Nikamkumbuka shemeji, ule mwaka wa kukohoa. Kumbe TNF hiyohiyo inasaidia kushikilia ukuta uliofungia kifua kikuu kilicholala. Ukiizuia, kinaweza kuamka. Basi kwanza picha ya mapafu na vipimo, na kama kipo kitibiwe, ndipo tuongee sindano. Tena inataka friji, digrii 2 hadi 8, na umeme wetu unaujua.

Kwa hiyo chupa hapana, dada yangu. Ukitaka kumsaidia kweli, nisaidie hili: famasi tunayonunulia imeishiwa metotreksati, na vidonge tulivyo navyo ni vya Jumapili mbili tu.

Je, kwenu Goma vipo, vile vya miligramu 2.5? Yule binti wa Mama Espérance bado yuko famasi? Boti ya Jumamosi inaondoka saa ngapi siku hizi, na kuna mtu wa kumwamini wa kuvibeba? Na goti lako lile, linavimba bado? Asubuhi linakaza muda gani? Umepima, au unalipaka mafuta tu? Nijibu kabla ya Ijumaa, nikutumie pesa.

Wako,
Neema