Barua ya wazi kwa mheshimiwa aliyetuambia mchakato unaendelea

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina lako silitaji. Ulikaa meza kuu Siku ya Wachangia Damu hapa Dodoma, ukatuambia mchakato wa kuua virusi kwenye plazma, yaani majimaji ya damu, unaendelea. Unajijua. Pole na majukumu.

Mwanangu ana himofilia, damu yake haigandi inavyopaswa. Juzi goti lilimvimba kwa damu ya ndani, tukakimbia naye usiku kutoka Chamwino. Faktari, dawa ya kugandisha damu, hakuna. Atundikiwe plazma. Nikauliza kama imeuliwa virusi. Nesi, na yeye simlaumu hata kidogo, akanijibu, "Mama, imepimwa."

Kupimwa najua: VVU, homa ya ini B na C, kaswende. Lakini mchangiaji aliyeambukizwa siku chache nyuma anaweza kupita kwenye kipimo, na mtoto wa himofilia hatundikiwi mfuko mmoja akamaliza. Anapokea damu za watu maisha yake yote. Miaka ya 1980 maelfu ya wagonjwa kama yeye huko Marekani na Ulaya walipata VVU kwa njia hiyo hiyo. Tangu 1985 wenzetu wanatumia kiyeyusho na sabuni maalumu: utando wa mafuta unaofunika virusi hivyo unavunjika, vinakufa, kemikali zinaondolewa. Virusi vya homa ya ini A havina utando, havifi; sisemi ni muujiza. Lakini VVU, B na C vinakufa, mheshimiwa!

Wala usinijibu kwamba lazima kiwanda. Misri wameifanya kazi hiyo kwa mifuko midogo yenye kichujio, ndani ya benki ya damu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani limeingiza kriyo, sehemu ya plazma yenye vigandisha damu, iliyopunguzwa virusi, kwenye orodha ya dawa muhimu. Treni ya umeme imetufikia Dodoma. Mifuko imekwama stesheni gani?

Pengine ni bajeti. Pengine faili linasubiri sahihi. Pengine tu wachache mno, kura zetu hazijazi debe.

Uliposema mchakato unaendelea tulikupigia makofi. Mwanangu alikuwa darasa la pili. Sasa yuko la sita, na mchakato, hongera, bado unaendelea.

Nilitaka kuomba faktari, kliniki, hata nauli. Nimeviweka kando vyote. Plazma iuliwe virusi kabla ya kumwingia mtoto. Anza na hospitali moja, hapa hapa Dodoma. Na utupe tarehe, mheshimiwa. Tarehe, siyo mchakato.

Wako mtiifu, bado,
Mama wa mgonjwa, Chamwino