Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBC: tumechukua machozi ya Mexico, tukaacha ufundi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Utangazaji Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA TAMTHILIA YA TELEVISHENI KUHUSU MIRATHI

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Nakuandikia hadharani kwa sababu televisheni ya taifa ni mali ya umma, na ombi langu linawahusu pia waandishi na waigizaji ambao hawana njia ya kufika ofisini kwako.

Tamthilia za Mexico tumezizoea. Tunamjua binti maskini anayependwa na kijana wa nyumba ya kitajiri, tunamjua mama mkwe asiyelala mpaka ndoa ivunjike, na tunamjua mtoto aliyeibwa akiwa mchanga ambaye lazima atarudi siku ya harusi. Wapo wasomi wanaoziona kuwa upuuzi, nami sikubaliani nao; malalamiko yangu ni kwamba watunzi wetu wameiga vilio na makofi ya tamthilia hizo bila kuchunguza jinsi zinavyojengwa.

Chukua mfano wa Cuna de lobos, iliyoandikwa na Carlos Olmos na kuoneshwa na Televisa kuanzia mwaka 1986 hadi 1987 kwa sehemu 170. Carlos Larios, tajiri mwenye kampuni ya dawa, anauawa kwa sumu na mkewe Catalina Creel mwanzoni kabisa mwa hadithi, na wosia unaposomwa inafahamika kwamba urithi utakwenda kwa mwanawe atakayetangulia kupata mtoto. Alejandro, ambaye ndiye mtoto wa kuzaa wa Catalina, ana mke asiyeshika mimba, kwa hiyo anamlaghai msichana aitwaye Leonora kwa ndoa ya uongo ili amzalie mtoto kisha wamnyang'anye. José Carlos, mtoto wa mke wa kwanza, amekua akiamini kwamba alimpofua mama yake wa kambo jicho moja kwa pia aliyokuwa akiichezea utotoni, na kwa miaka yote hiyo Catalina amevaa kitambaa juu ya jicho ambalo ni zima. (Kitambaa hicho alikilinganisha na rangi ya gauni, na sijaona vazi la mwigizaji lililofanya kazi kubwa kuliko hilo.) José Carlos anapokuja kumpenda Leonora, mapenzi yao yanaingia moja kwa moja katika vita ya mali, wala hayakai pembeni kama kiburudisho.

Angalia, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, kwamba mtazamaji anaambiwa mapema kinachogombaniwa, anamjua muuaji tangu siku ya kwanza, na bado anarudi jioni baada ya jioni. Kinachoitwa majaliwa katika hadithi hiyo, ukikichunguza, ni maamuzi ya watu: karatasi iliyotiwa sahihi, kinywaji kilichotiwa sumu, uongo ulioachwa ukue pamoja na mtoto. Zaidi ya hayo, hadithi ina mwisho. Tamthilia nyingi tunazotengenezewa hapa zinaendelea maadamu mdhamini yupo na zinakatika akiondoka, na mwandishi asiyejua anakokwenda hana budi kumfufua marehemu au kumpeleka mtu safari. Nao wa Mexico si malaika: Cuna de lobos ilipotengenezwa upya mwaka 2019 ilibanwa katika sehemu 25, na kwa maoni yangu ule uovu wa kuchemka polepole ulipotea.

Lipo jambo jingine ambalo shirika lako lina haki ya kujivunia, kwa kuwa ndilo mrithi wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Huko Mexico, mtayarishaji wa tamthilia za televisheni Miguel Sabido alizingatia yaliyotokea Peru mwaka 1969, pale tamthilia ya mtumishi wa ndani aliyejikomboa kwa ushonaji ilipowafanya watu wakimbilie cherehani. Akatunga Ven conmigo mwaka 1975 ili kuwavuta watu wazima kwenye madarasa ya kusoma na kuandika, kisha Acompáñame mwaka 1977 kuhusu uzazi wa mpango. Siri yake ilikuwa kumweka kati ya mwema na mwovu mtu wa tatu anayeyumba, ambaye mtazamaji anajiona ndani yake. Mbinu hiyo ilifika kwetu, na Julai 1993 Radio Tanzania ikaanza kutangaza mchezo wa redio Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na Tunu, mkewe aliyechoka kuvumilia, walizungumzwa kama majirani. Kituo cha Dodoma hakikuutangaza mchezo huo hadi mwaka 1995, jambo lililowawezesha watafiti kulinganisha, nao wakaona kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi pale uliposikika.

Ombi langu, basi, ni kwamba TBC itengeneze tamthilia ya televisheni juu ya mirathi, yenye idadi ya sehemu iliyopangwa na mwisho ulioandikwa kabla kamera haijawashwa. Mada hii haihitaji kuazimwa popote. Mirathi nchini inaamuliwa kwa sheria za kimila, za Kiislamu na za kiserikali, na familia moja inaweza kugombana kwanza juu ya sheria ipi ifuatwe kabla ya kugombania shamba lenyewe. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri kutoka Kagera la mwanamke aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akadai kwamba mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwanamke alishinda. Hapo kuna wosia, kuna shangazi, kuna kijana anayejiona amedhulumiwa. Mtunzi hodari ataongeza mapenzi, na huyo kijana ndiye atakayekuwa mtu wa kuyumba.

Najua utasema fedha hazitoshi. Sehemu kubwa ya tamthilia za Mexico huchezwa ndani ya vyumba, na watu wanagombana kwa maneno. Gharama ya kwanza ni mishahara ya waandishi kwa miezi kadhaa kabla ya kurekodi, na hiyo ndiyo ambayo kwetu hukatwa mapema. Naomba pia kanda za Twende na Wakati zilizosalia zisikilizwe na waandishi hao, na waliozitunga wakaribishwe kuwafundisha.

Nitashukuru ukitoa jibu hadharani, likitaja kama fungu la waandishi linaweza kuingizwa katika bajeti ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi wa michezo ya redio,
Morogoro.