Maziwa ya Nyayo yalikatwa na nani?

Mhariri,

Kila uchaguzi ukikaribia hakosekani mwanasiasa wa kuahidi kuwarudishia watoto wetu maziwa shuleni. Nilifundisha shule za msingi huku Kinango kwa miaka 31, na naomba nafasi niseme niliyoyaona.

Rais Moi alitangaza Maziwa ya Nyayo, maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi, mwaka wa 1979. Pakiti zilikuwa za pembetatu, mililita 200 kila moja, na zilitufikia hata sisi tusiokuwa na stima. Siku ya lori sikuwa na haja ya kuuliza nani hayupo. Nilikuwa na kisichana wa darasa la pili aliyeng'ata ncha ya pakiti, akafyonza mara mbili tatu, kisha akaikunja na kuibana kwa mwiba ampelekee mdogo wake. Amri ilikuwa mtoto anywe mbele ya mwalimu. Nilimkataza siku moja, sikurudia. Pakiti tupu tulizioteshea miche ya mwarobaini. Mingine ingali pale uwanjani.

Miaka ya tisini lori likaanza kuja mara moja kwa wiki, halafu kwa mwezi, halafu kwa muhula. Kisha basi. Sisi hatukuletewa waraka wowote. Mwalimu mkuu alipokwenda kuuliza aliambiwa asubiri, na nadhani alistaafu akisubiri. Watoto nao kila Jumatano: "Mwalimu, leo yanakuja?" Nikiwajibu labda kesho. Uongo huo bado unaniuma.

Uingereza ilipowanyima maziwa ya bure watoto waliozidi miaka saba, mwaka wa 1971, ilibidi sheria ipitishwe. Waziri wa Elimu, Margaret Thatcher, aliitetea bungeni huku akizomewa, akapachikwa jina la mnyang'anyi wa maziwa, na likamfuata hadi uwaziri mkuu. Siusifu uamuzi wake hata kidogo. Lakini mzazi wa kule alijua wa kumlaumu. Huku kwetu yalianza kwa tamko la rais, na yalipokoma hatukusikia tamko la mtu.

Kwa hivyo nataka sheria, isiwezekane kupunguza hata pakiti moja bila waziri kufika bungeni kujieleza. Na mbunge atakayekuja Kinango na wimbo wa maziwa, aje na kitabu cha bajeti mkononi. Nitamwomba anifungulie ukurasa.

Mwalimu mstaafu,
Kinango, Kwale