Barua kwa vijana wetu wanaokwenda Marekani kwa muhula mmoja: semeni mara ya kwanza

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya mliopata nafasi ya kusoma muhula mmoja Marekani, mtakaosafiri mwezi wa Agosti. Mimi nimestaafu, niko nyumbani Kisauni, lakini miaka mingi ya kazi yangu niliipitisha kule nikisomesha Kiswahili katika jimbo la Wisconsin. Vijana kutoka kwetu walikuwa wakipita ofisini kwangu, wengine kwa salamu, wengine machozi yakiwalengalenga. Yale niliyokuwa nikiwaambia wao mmoja mmoja, nataka niwaambie nyinyi mapema, kabla hamjapanda ndege.

Kwanza, hongereni. Mmeshindania nafasi hiyo na mmeipata kwa haki.

Sasa nisikilizeni. Kwetu, mtu akikukaribisha chakula, hukurupuki. Unasema umeshiba. Mwenye nyumba anashikilia, unasema basi kidogo tu, na sahani inaletwa imejaa. Wote wawili mnajua kwamba lile jibu la kwanza lilikuwa la adabu. Marekani jibu la kwanza ndilo linaloaminiwa. Ukisema umeshiba, chakula kinapita mbele yako kinakwenda kwa jirani, na hutaulizwa tena. Hapo hakuna roho mbaya. Mwenyeji wako anaona kwamba kukushurutisha baada ya wewe kukataa ni kukukosea heshima. Nimewaona vijana wakilala na njaa kwa jambo hili, lakini njaa ya usiku mmoja inapita. Hasara kubwa iko darasani.

Huku kwetu mmezoea kozi yenye mitihani midogo ya alama 30 na mtihani wa mwisho wa alama 70. Mtu anaweza kukaa kimya muhula mzima, akakesha wiki mbili za mwisho, akapasi vizuri. Kule alama zimetawanywa tangu wiki ya kwanza: zoezi la kila wiki, insha fupi, jaribio la ghafla, mtihani wa katikati ya muhula, na kushiriki darasani, ambako peke yake kunaweza kubeba alama 10 au hata 20 katika kila 100. Yote haya yameandikwa kwenye silabasi mtakayopewa siku ya kwanza. Isomeni kama mnavyosoma mkataba wa nyumba, mpaka herufi ndogo. Tarehe zote ziandikeni kwenye kalenda siku hiyohiyo, maana mhadhiri hatawakumbusha, na kazi iliyochelewa siku moja inaweza kukatwa alama bila mjadala.

Mhadhiri akimaliza kueleza atauliza, "Kuna maswali?" Mkinyamaza, ataamini kwamba mmeelewa. Mkinyamaza wiki nne, ataamini kwamba hampendi somo lake au hamsomi. Unyamavu ambao hapa unasomeka kama heshima kwa mkubwa, kule unasomeka kama kutojali.

Namkumbuka binti mmoja wa kwetu, mwenye akili kuliko wengi waliokuwa wakipiga kelele darasani mwake. Alinijia mwezi wa Oktoba na daftari lake. Pembeni mwa kila ukurasa alikuwa ameandika maswali kwa penseli, herufi ndogondogo, mengine kwa Kiingereza, mengine kwa Kiswahili. Nikamuuliza, "Haya umempelekea mwalimu wako?" Akasema, "La, Mwalimu, ataniona sijasoma." Nikamwambia achague swali moja tu, lile linalomnyima usingizi, aende nalo siku ileile. Alirudi baada ya saa nzima. Mhadhiri alikuwa amefurahi mpaka akamtolea vitabu viwili kutoka rafuni mwake, na akamwambia alidhani somo linamchosha. Binti alimaliza vizuri, lakini nusu ya muhula ilikuwa imeshamponyoka, na yeye hakuwa na muhula wa pili wa kufidia.

Kwa hiyo, kila mhadhiri ana saa maalumu za kupokea wanafunzi ofisini, na zimeandikwa kwenye silabasi. Nendeni kwa kila mmoja kabla wiki ya pili haijakwisha, hata kama swali ni dogo. Jitambulishe, sema unatoka chuo gani, sema unachotafuta katika kozi yake. Mwite "Profesa" au "Dokta" mpaka mwenyewe akwambie vingine. Wengine watataka muwaite kwa jina lao la kwanza. Najua ulimi utakuwa mzito, lakini akishasema hivyo, si utovu wa adabu. Darasani, jiwekeeni sharti la kusema jambo moja katika kila kipindi. Mkisubiri sentensi yenu iwe kamili kichwani, mjadala utakuwa umeshafika mbali. Lafudhi yenu isiwatie haya. Wenzenu wataizoea baada ya siku chache, na kama hawajasikia watawaomba mrudie.

Katika insha pia mtatakiwa kusema la kwenu. Mhadhiri anataka kujua wewe unasimama wapi na kwa sababu gani. Na maneno ya mtu mwingine, hata sentensi moja iliyotoka kwenye intaneti, yakiingia katika kazi yako bila kuonyesha yametoka wapi, huo unahesabiwa wizi. Adhabu yake inaweza kuwa sifuri ya kozi nzima na ripoti kwa chuo chako huku nyumbani. Vyuo vingi vina kituo cha kusaidia uandishi, bure, na wanafunzi wa hapohapo wanakitumia bila aibu. Nendeni na rasimu zenu.

Mambo ya karatasi nitayapita haraka, maana ofisi zenu zitawaeleza. Wengi wenu mtakwenda kwa visa ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, na fomu ya DS-2019, inayotolewa na programu yenu kuthibitisha nafasi yenu. Fomu hiyo iwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na pasipoti, kamwe isiwe ndani ya sanduku linalokwenda chini ya ndege. Msipunguze masomo hadi chini ya mzigo kamili, ambao kwa shahada ya kwanza huwa ni kredi 12 kwa muhula (kredi ni kipimo cha uzito wa kozi), bila kuzungumza kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mkitaka kufanya kazi ndogo ya chuoni, maktaba au jikoni, ombeni idhini ya maandishi ya msimamizi wa programu kwanza. Wakati wa masomo haizidi saa 20 kwa wiki. Mkialikwa kwenda kuona maporomoko ya Niagara, kumbukeni kwamba ng'ambo ya mto ni Kanada, na kuvuka ni safari ya kimataifa yenye visa yake. Na kabla ya kuondoka, kila kozi mtakayosoma kule ipitishwe na mkuu wa idara yenu kwa maandishi na sahihi. Kozi ikibadilika mkifika, andikieni idara siku hiyohiyo. Nimeona kijana akirudi na alama nzuri zisizohesabiwa kwa sababu ahadi aliyopewa ilikuwa ya mdomo.

Kuhusu afya, ile tabia yetu ya kuvumilia iacheni huku. Muuguzi atakuuliza maumivu yako ni ngapi kati ya 0 na 10, na Mkenya aliyepinda kwa tumbo atasema "tatu." Basi atatibiwa kama mwenye maumivu ya tatu tu. Semeni kweli. Kanuni za visa ya J-1 zinataka uwe na bima ya matibabu isiyopungua dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, lakini bado kuna sehemu utakayolipa mwenyewe, na hospitali kule ni ghali kupita mnavyofikiria. Kwa jambo lisilo la dharura anzeni na zahanati ya chuo. Ulizeni mapema bima yenu inakubaliwa wapi.

Na roho nayo inaugua. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma katika sehemu kubwa ya nchi, na majimbo ya kaskazini kama Wisconsin giza linaingia saa kumi na moja jioni. Tofauti ya saa kati ya Wisconsin na nyumbani inatoka 8 na kuwa 9, kwa hiyo ukitoka darasani jioni na unataka kuongea na mama, kwao ni usiku wa manane. Miti imebaki mifupa, baridi inakata masikio, marafiki wa wiki za kwanza wamezama kwenye vitabu. Hapo ndipo vijana walikuwa wakija kwangu, na ukiwauliza wanasema "salama tu." Wenzako wa bwenini wakiuliza habari yako nawe ukajibu nzuri, watakwenda zao kwa amani. Mwambie mmoja wao kweli: kwamba umekumbuka kwenu, kwamba hulali. Vyuo vina washauri nasaha ambao kazi yao ni kusikiliza, na anayekwenda kwao haitwi mwendawazimu. Tafuteni pia msikiti au kanisa, na chama cha wanafunzi wa Kiafrika. Koti zito nunueni kulekule, kwenye duka la mitumba. La Nairobi halitawafaa.

Msikae na Wakenya wenzenu peke yao. Nasema hivi nikijua utamu wa kukuta mtu wa kupika naye ugali ugenini. Lakini miezi minne ya kukaa na watu wa nyumbani mngeweza kuipata nyumbani.

Nina neno zito zaidi juu ya Wamarekani Weusi. Mtasikia, wakati mwingine kutoka kwa Waafrika wenzenu, maneno ya kuwadharau. Yakataeni. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi waliokusanywa na mwanasiasa wetu Tom Mboya ilipowapeleka vijana 81 Marekani, waliotia sahihi wito wa kuchanga nauli walikuwa Wamarekani Weusi mashuhuri: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Watu hao walikuwa bado wanadai haki zao katika nchi yao wenyewe, na wakapata nafasi ya kutuchangia. Mwaka uliofuata alikwenda Wangari Maathai, kusoma biolojia katika chuo kidogo cha Atchison, Kansas. Akiwa njiani kwa basi, yeye na mwenzake walizuiwa kukaa ndani ya mkahawa kwa sababu ya rangi yao. Sheria za namna hiyo zimeondolewa, na watu wengi mtakaokutana nao watawapokea kwa wema wa kweli. Hata hivyo kuna mlinzi atakayekufuata dukani, na kuna polisi atakayekusimamisha. Polisi akikusimamisha, mikono ionekane, usikimbie, usiingize mkono mfukoni bila kusema unachotoa. Kisha likikuumiza, lizungumze na wale wanaolijua maisha yao yote. Watakufundisha Marekani ambayo haimo kwenye silabasi yoyote.

Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu yao ya kutoa shukrani. Mabweni mengine hufungwa, kantini pia, kwa hiyo ulizeni mapema. Mkialikwa na familia, kubalini mara ya kwanza. Semeni wakati huohuo msichokula, iwe nguruwe au nyama isiyo halali, wala hawatachukia. Fikeni kwa saa iliyotajwa. Chukueni zawadi ndogo. Kitambaa cha leso chenye jina lake la Kiswahili kiliwahi kuwekwa ukutani, kwenye fremu, katika nyumba moja niliyoijua.

Wazazi watakaosoma barua hii, nawaomba nanyi: posho ya mtoto ni ya chakula na vitabu, si mshahara. Msimtumie orodha ya simu na viatu. Akisema hana, aminini.

Kuna watakaowanong'oneza msirudi. Watawaonyesha binamu aliyebaki na sasa ana gari. Hawatawaonyesha miaka ambayo binamu huyo hakuweza kuja kumzika mama yake. Visa ya J-1 inawapa siku 30 baada ya programu kwisha, kujiandaa na kuondoka. Ondokeni ndani ya siku hizo. Mkataba kati ya chuo chenu na chuo cha kule umejengwa juu ya waliotangulia kurudi, na anayetoroka anamfungia mlango mdogo wake aliye mwaka wa kwanza leo. Anayetaka shahada ya pili kule na aombe akiwa nyumbani, kwa jina safi, na barua ya yule mhadhiri aliyemzoea ofisini. Wengi wamefanya hivyo. Ila someni visa zenu: wengine, hasa wanaolipiwa na serikali, wanaweza kuwa na sharti la kukaa nyumbani miaka 2 kabla ya kupata baadhi ya visa nyingine.

Siku ya mwisho pale chuoni, kabla ya kufunga masanduku, hakikisheni mmeomba nakala rasmi ya matokeo itumwe moja kwa moja kwa msajili wa chuo chenu, na mbaki na silabasi zote za kozi mlizosoma. Idara zitazidai.

Walio Mombasa na Kilifi, nyumba yangu iko wazi kila Jumamosi alasiri mpaka mtakaposafiri. Njooni na silabasi za mwaka uliopita, nyingi zinapatikana kwenye tovuti za vyuo hivyo, tuzisome pamoja. Kila mmoja aje na swali moja la kumuuliza mhadhiri wake, naye aliulize kwa sauti mbele ya wenzake. Chai na mahamri vitakuwepo, nami nitawakaribisha mara moja tu.

Shangazi yenu,
Mwalimu mstaafu, Kisauni, Mombasa