Wakubwa wa maabara, barua za vijana andikeni wenyewe

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako niseme na wakubwa zetu wa vyuo na maabara hapa Mwanza, maprofesa, madokta, wakuu wa projekti, kuhusu hii tabia ya "we andika mwenyewe hiyo barua ya rekomendesheni, ulete nisaini". Huu ndo msimu wa vijana kuaplai PhD za sayansi ya tiba huko nje na kila mwaka naona wanakwamia pale pale.

Kwanza niwatoe hofu wazazi, maana huku kwetu ukimwambia mzee unataka PhD Marekani anaanza kuangalia zizi, ng'ombe wangapi waende mnadani. Asiuze hata mmoja. Hizi PhD za baiolojia na tiba kule Marekani, kwa kawaida ukishapokelewa ada inalipwa na programu na unapewa posho ya kuishi, miaka mitano au sita hiyo, na nyingi hata masta hazidai. Mwaka wa kwanza unasoma huku unazunguka maabara mbili tatu kuangalia utatulia wapi na supavaiza gani, baadae kuna mtihani mkubwa, ukipita ndo unabaki na utafiti wako. Huku nyumbani tunaenda kivingine, unatakiwa uwe na masta, unatafuta supavaiza na kuandika proposo, na ada mara nyingi ni mfuko wako labda projekti ikubebe. Ada ya kuaplai kule ipo, mara nyingi kama dola 75 mpaka 100 hivi kwa chuo kimoja, ila vipo vyuo ukiomba msamaha mapema wanakusamehe. Na ule mtihani wa GRE wa kuombea nafasi, uliokuwa unatutoa jasho, programu nyingi za baiolojia zimeshauacha.

Sasa GRE ikishatoka mezani wanaangalia nini? Wanaangalia umefanya utafiti gani, maelezo yako mwenyewe, na barua za watu waliokuona ukifanya kazi, kwa kawaida tatu. Mzee wa kamati ya kuchagua waombaji aliyeko Michigan hana habari na chuo chetu, GPA ya 3.9 kwenye mfumo wetu wa 5 inamchanganya tu maana wao wanaishia 4. Kinachomfanya asimame kwenye jina lako ni mtu wa maabara anayesema huyu kijana namjua, nimemwona akifanya hiki na hiki.

Na cha kusema kipo tele jamani! Vijana wa hapa wanafanya kazi ambazo wengine wa kule wanazisoma tu kwenye makaratasi. Wapo wanaoingia majini huko Igombe, Kayenze mpaka Ukerewe kuokota konokono wa kichocho, wanawaweka kwenye vikopo vyenye maji juani wasubiri watoe vijidudu, kisha jioni wanarudi kuhesabu mayai ya minyoo ya kichocho kwenye slaidi za kipimo cha Kato-Katz, zile za miligramu 41.7 za kinyesi ambazo hesabu yake unazidisha mara 24 upate mayai kwa gramu. Mtu anayesoma slaidi hizo kutwa nzima na hesabu yake ikaja kulingana na ya msomaji wa pili, huyo ni mtu wa maabara kweli kweli, na sentensi mbili za namna hiyo toka kwa bosi wake zina nguvu kuliko kurasa mbili za "ni mchapakazi, mwaminifu na anashirikiana na wenzake". Hiyo ya mchapakazi na mwaminifu ndo anayoandika kijana akiambiwa ajiandikie, maana ni nani atakayekaa chini ajisifie kwamba ndo bora katika wote waliopita maabara ile? Anaona aibu. Tena barua zote tatu zikiandikwa na mkono mmoja zinafanana mpaka makosa ya Kiingereza, unadhani wale wanaosoma mamia ya barua hawaoni?

Kuna kitu kingine wakubwa wengi hawakijui. Kwenye fomu za Marekani mwombaji anaulizwa kama anaachia haki yake ya kuisoma ile barua, ni haki inayotokana na sheria yao ya mwaka 1974, na karibu kila anayeaplai anashauriwa aiachie ili barua iaminike. Yaani kijana anaweka tiki kwamba hataiona barua ambayo kaiandika yeye jana usiku. Huko ni kumfundisha mtoto kudanganya kabla hata hajaianza hiyo sayansi yenyewe, na anayemfundisha ni mwalimu wake.

Halafu muda. Programu nyingi zinafunga mwanzoni mwa Disemba, usaili ni Januari na Februari, na ikifika tarehe 15 Aprili aliyepata anatakiwa awe ameshajibu. Chuo kikisema mwisho ni tarehe 1 Disemba saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za New York, huku kwetu hiyo ni tarehe 2, saa mbili kasoro dakika moja asubuhi. Nimeona vijana wamekesha wanarifreshi ukurasa waone kama barua ya tatu imeingia, linki ya bosi kupandishia barua ilitumwa na chuo toka Oktoba, bosi anasema hajaiona kumbe imeenda kwenye spamu. Vyuo vingine vinavumilia barua ikichelewa siku mbili tatu, vingine wala.

Najua mna kazi, sikatai. Daktari bingwa ana wodi, ana darasa, ana ripoti ya wafadhili, na kila msimu anafuatwa na lundo la vijana ambao wengine hata majina hawakumbuki. Basi mwambie akuletee CV, maelezo yake na orodha ya alichofanya chini yako, mpe wiki sita, na yule mtafiti mdogo aliyekaa nae benchi moja kila siku akuandalie rasimu, msaini wote wawili. Hiyo ni halali kabisa, inafanyika.

Ila wapo (tusifichane) ambao wala shida yao si muda. Wanaogopa kijana akiondoka nani atahesabu slaidi. Kwa hiyo barua inazungushwa, leo nipo safarini, kesho njoo na hadikopi, mpaka dirisha linafungwa na kijana anaongezewa mkataba wa miezi sita. Hii mi naiita roho mbaya, sina jina lingine.

Na msidhani barua ya kutoka Mwanza haina uzito. Utafiti uliofanyika kwenye vijiji vya mkoa huu miaka ya 90, ule wa kutibu magonjwa ya zinaa ambao ulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40, ulitoka kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 1995 na wanaosomea magonjwa ya mlipuko duniani wanaujua. Saini ya mtafiti wa hapa inasomwa.

Ninachoomba ni kidogo tu. Kama kuna kijana kakuomba barua na moyoni unajua hutaiandika, mwambie hapana wiki hii, asikuite bosi mpaka Novemba inaisha, atafute mtu mwingine wakati linki bado inaweza kubadilishwa jina.

Mtaalamu wa maabara,
Nyegezi, Mwanza