Mjomba, kile kisu chako cha shoto

Mjomba, shikamoo.

Najua kwenye simu husomi kitu kirefu kuliko salamu za Ijumaa, kwa hivyo haya atakusomea binti yako. Nayaandika hadharani kwa makusudi. Siku uliponipa kile kisu cha kukunja nilikitia mfukoni, nikakupa ahsante ya mdomoni, nikarudi kwenye biriani. Miezi minane imepita na ile ahsante yanisuta.

Nilikiona kisu tu. Kile nilichokuwa nacho nilikinunua dukani, king'avu kweli, kikaanza kuyumba kwenye ribiti kabla hata Ramadhani haijaisha.

Kisha usiku mmoja stima zikapotea, wateja hakuna, nikakiweka chako chini ya lenzi ninayotengenezea simu. Mjomba, riziki yangu ni vitu vidogo vinavyotakiwa kukaa pamoja bila kuacha nafasi. Nikakifungua chote: mgongo wa springi uko sawasawa na mabamba ya shaba. Nikakikunja nusu: sawasawa. Nikakifunga: sawasawa, ukipitisha ukucha haukwami popote. Visu vingi vya springi ya mgongo hukaa sawa vikiwa wazi, basi. Hapo katikati springi inachomoza au inazama. Kuipata mara tatu ni kutia tupa kidogo, kufunga, kutazama, kufungua, kutia tupa tena. Siku ngapi? Na ule mlio wake, tak, mkavu. Siku hizi nakifungua na kukifunga bila sababu mpaka wateja wananitazama.

Habari za chuma alinipa mkaza mjomba, tena kwa kulalamika. Kumbe ni tupa kuukuu iliyokwisha meno. Ukaipasha makaani mpaka sumaku ikakataa kuishika, ukaichovya kwenye mafuta, na kwa kuwa chuma kilichotoka hapo huvunjika kama kigae, ukakitia matiko, kukipunguzia ugumu, ndani ya oveni yake, digrii 200, saa mbili. Mkate wa mayai wa Idi ukanuka gereji. Hajakusamehe, nakuarifu.

Mpini ni mpingo, hilo nililijua mwenyewe kwa uzito. Mabaki ya wachongaji wa Changamwe, si ndiyo? Ule mti ukiutupa majini unazama.

Lakini lililonifanya niandike ni jambo jingine. Juzi barazani rafiki yangu alikiomba amenye embe. Akakigeuza, akakigeuza tena, ukucha wake haupati pa kushika. "Mfuo uko wapi?" Nikakichukua, nikakifungua mara moja. Ndipo nilipoona. Visu vyote nilivyowahi kushika, kile kijifereji cha ukucha kiko upande unaomfaa mtu wa kulia, nami maisha yangu yote nimevifungua kwa kuvipindua, bila hata kujua kwamba navipindua. Wewe ulikichonga upande wa pili.

Nyumba ile, Mjomba, sote tulilelewa kwa kofi la mkono. Anayekula kwa shoto anakula na shetani. Nikajifunza kula kwa kulia, nikajifunza kuandika kwa kulia, na vibaya; bisibisi tu ndiyo iliyobaki kushoto, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitazama. Wewe ulikuwa ukiitazama. Sasa naielewa ile sabuni ya mche. Ulinipa kipande kimelowa, ukaniambia nikibane kama mtu anayemenya embe, kisha ukakichukua na kwenda nacho zako. Nikadhani uzee umeanza. Kumbe ulikuwa unachukua kipimo cha vidole vyangu, na hukuniuliza ni mkono gani.

Sasa ungamo. Kina doa la kutu. Lile bapa limeshaingia rangi ya kijivu ya maembe, hiyo naipenda wala siisugui, lakini nilikatia ndimu nikakisahau dirishani, na wewe waujua upepo wa bahari na chuma kisichokuwa cha pua. Nimekipaka mafuta ya cherehani, doa halijakua.

Jumapili baada ya alasiri navuka feri kuja kwako. Usikinoe wewe. Toa kinoo uniwekee, unionyeshe pembe tu, nami nitakaa upande wako wa kushoto viwiko visigongane.