Filamu za kutisha zisidharau akili za watazamaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee watazamaji wa filamu za kutisha ambao, kama mimi, huogopa kwa nusu saa ya kwanza na kukasirika kwa muda wote unaobaki.

Chukulia A Quiet Place, filamu ya mwaka 2018 iliyoongozwa na John Krasinski, ambamo viumbe wasioona huwinda binadamu kwa kufuata sauti. Baba anampeleka mwanawe kwenye maporomoko ya maji na kumwonyesha kwamba hapo, kwa sababu ya ngurumo ya maji, wanaweza kuzungumza na hata kupiga kelele bila kudhurika. Mtu anayejua hayo, na ambaye mkewe ni mjamzito, kwa nini asihamishie familia yake karibu na maporomoko hayo, badala ya kubaki shambani akitayarisha sanduku la kumfichia mtoto mchanga ili kilio chake kisisikike? Halafu kuna ule msumari uliochomoza kwenye ngazi: mama anaukanyaga, anaumia vibaya, na bado hakuna anayeung'oa wala kuupinda.

Sipingi viumbe wa kubuni, maana hiyo ndiyo raha yenyewe (na filamu hii, kwa haki, imetengenezwa kwa ustadi mkubwa). Ninachopinga ni mtunzi kumnyima mhusika akili ili hadithi isonge mbele, ilhali hofu hutuingia zaidi tunapomwona mhusika amefanya kila ambalo mtu mwenye busara angefanya, na bado akafikiwa.

Msomaji wako,
Morogoro